Kioo cha boti kinapoziba mvuani: kwanza jua tatizo liko upande gani

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni nahodha wa boti ya faiba yenye urefu wa mita nane, ninayobebea abiria kati ya Mwanza na Ukerewe, Ziwa Victoria. Mbele ina kibanda chenye vioo vitatu, ambavyo kwa kweli si vioo bali ni plastiki ngumu, na nyuma nimefunga turubai ili abiria wasilowe. Mvua ikinyesha sioni mbele: ndani panajaa ukungu, na nje matone yanakaa palepale. Fundi mmoja wa magari alinishauri nipake ile dawa ya kufukuza maji ambayo madereva hupaka kwenye vioo vyao. Nikapaka, na hali ikawa mbaya kuliko awali. Je, nibadili dawa, nifunge waipa, au nibadili kioo chenyewe?

Jibu: Marahaba, ndugu nahodha. Swali lako moja limebeba maswali matatu, na nadhani ndiyo sababu ushauri uliopewa haukukufaa, kwa kuwa aliyekushauri alijibu moja tu, tena alilijibu kwa ajili ya gari. Maji yaliyo nje ya kioo, mvuke ulio ndani, na utando wa uchafu ambao mara nyingi hauonekani mpaka usiku uingie, ni mambo matatu yenye sababu tofauti, na dawa ya moja huweza kuwa sumu kwa jingine.

Kwa hiyo, kabla hujatoa shilingi yoyote, fanya jaribio lisilo na gharama. Safari ijayo mvua itakapoanza, pitisha kidole kwenye kioo kwa upande wa ndani. Kikiacha mstari mwangavu unaoona vizuri kupitia kwake, tatizo kubwa ni mvuke, na hakuna waipa itakayokusaidia. Kama kidole hakileti tofauti yoyote, basi tatizo liko nje. Na kama pande zote mbili ni kavu, lakini taa za mjini bado unaziona zimezungukwa na duara la mng'ao kama mwezi wenye ukungu, ujue kioo kina utando wa mafuta au kimejaa mikwaruzo midogo. Kwa jinsi ulivyoieleza boti yako, yenye kibanda mbele, turubai nyuma na abiria katikati, ninaamini utayakuta yote matatu, ila mvuke wa ndani ndio ningeanza nao, kwa sababu ndio rahisi kuumaliza.

Hewa hubeba mvuke kwa kiasi kinachotegemea joto lake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30 za Selsiasi huweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke kabla haijashiba, lakini hewa hiyohiyo ikipozwa hadi nyuzi 20 uwezo wake hushuka mpaka gramu 17 hivi, na kilichozidi hakina budi kugeuka maji juu ya kitu chochote baridi kilicho karibu. Tuseme ndani ya kibanda chako kuna nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa kwetu siku za masika. Kioo kikipoa chini ya nyuzi 23 kitaanza kuota jasho, na mvua inayokipiga kwa nje pamoja na upepo wa mwendo hukifikisha hapo kwa dakika chache. Halafu ongeza watu. Mtu aliyekaa kimya hutoa, kwa pumzi na kwa ngozi, gramu 40 hadi 50 za maji kila saa, kwa hiyo abiria kumi wanakuongezea karibu nusu lita kwa saa, mbali na makoti yaliyoloa na maji yaliyo sakafuni. Ukishafunga turubai pande zote kwa kuwahurumia, unyevu huo wote hauna pa kwenda isipokuwa kwenye kioo chako, ambacho ndicho ukuta ulio baridi kuliko zote.

Tiba ya kwanza basi ni kuipa hewa njia, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu kuna kosa linaloweza kuua. Boti inapokwenda mbele huacha nyuma ya kibanda eneo lenye msukumo mdogo wa hewa, ambalo hunyonya kila kilicho karibu nalo, ukiwemo moshi wa injini zako za kupachika. Ukifungua pazia la nyuma peke yake huku mbele kumefungwa, moshi huo utaingia ndani na kukaa, nao una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu taratibu mpaka akadhani ni usingizi wa kawaida au kichefuchefu cha mawimbi. Anza kufungua mbele: tundu dogo chini au juu ya kioo, lenye kifuniko kinachokinga mvua, ili hewa safi iingie kwa mbele na kutokea nyuma, si kinyume chake. Tundu la upana wa viganja viwili kila upande linatosha kwa kibanda cha ukubwa wako. Kwa sababu hiyohiyo, asiwepo mtu wa kuwasha jiko la mkaa ndani ya kibanda kilichofungwa, hata kama asubuhi ni ya baridi na chai inatamanika.

Pamoja na tundu hilo, funga feni ndogo ya volti 12, ile ya kupepea inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari, ukiielekeza kwenye kioo kilicho mbele ya usukani. Feni haikaushi hewa, ila huondoa ile hewa iliyotulia juu ya kioo na kuweka nyingine kabla haijapata nafasi ya kutoa maji yake. Inatumia umeme kidogo mno ukilinganisha na injini ya waipa. Makoti ya mvua yaliyoloa yawekwe nyuma kabisa, yasitundikwe karibu na usukani kama ninavyoona kwenye boti nyingi.

Tiba ya pili ni utando wa sabuni. Mvuke unapogeuka maji juu ya kioo kitupu hufanya matone madogo yasiyohesabika, na kila tone hupotosha mwanga, ndiyo maana unaona weupe. Sabuni hupunguza ule mvutano wa uso wa maji unaoyafanya yajikunje kuwa matone, hivyo maji hujitandaza yakawa karatasi nyembamba unayoona kupitia kwake kana kwamba haipo. Chukua kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na chembe za kusugulia, uichanganye na glasi moja ya maji safi na matone machache ya gliserini, ileile inayouzwa maduka ya dawa kwa ajili ya ngozi. Paka upande wa ndani kwa kitambaa laini, acha ikaribie kukauka, kisha ifute kwa kitambaa kikavu mpaka kioo kirudi kuwa kiangavu. Ikibaki michirizi umepaka nyingi. Kisha kipulizie pumzi: sehemu iliyopakwa isipofanya ukungu, kazi imekamilika. Utando huu haudumu, kwa kawaida hufikia mwisho wa siku moja ya kazi, na abiria akishaufuta kwa kiganja kwa nia njema ya kukusaidia, umekwisha. Mwombe asikiguse.

Sasa tutoke nje, tuje kwenye ile dawa iliyokuangusha. Dawa ya kufukuza maji hufanya kinyume cha sabuni: huyafanya maji yachukie kioo, yajikusanye kuwa matone ya mviringo yaliyosimama. Kwenye gari linalokwenda kasi barabara kuu, upepo huyasukuma matone hayo yakakimbia juu ya kioo na kuacha njia safi. Lakini upepo huo unatakiwa uwe mkali, kwa kawaida kuanzia kilomita 60 kwa saa na kuendelea. Boti yako yenye mzigo, mvuani, kwenye mawimbi, nadhani huwa unaiendesha kwa noti 12, ambazo ni kama kilomita 22 kwa saa. Kwa mwendo huo hakuna nguvu ya kuyaondoa matone, hasa kama kioo chako kimelala, hivyo yanakaa pale yakiwa makubwa na ya mviringo, kila moja likifanya kazi ya lenzi ndogo inayokuonyesha ziwa kichwa chini. Hukukosea kuona hali imeharibika, maana kwa boti isiyo na waipa na isiyo na mbio, kioo kinachopenda maji ni afadhali kuliko kinachoyachukia. Mvua ikijitandaza yote kuwa utando mmoja unaoteremka, utaona mbele kukiwa na mawimbimawimbi kidogo, lakini utaiona mitumbwi.

Ndiyo siri ya zile dawa za wazee wa barabarani ambazo bila shaka umezisikia: kukata kiazi mbatata na kukisugua kwenye kioo, au kitunguu, au tumbaku iliyoloweshwa. Watu huzicheka, nami sizicheki, kwa kuwa zote huacha juu ya kioo utando mwembamba unaovuta maji na kuyatandaza, kazi ileile ya sabuni. Kiazi kinafaa kuliko vyote ukiwa umekwama kisiwani. Udhaifu wake ni kwamba mvua kubwa hukiosha kwa muda mfupi, na kikikauka juani kinaacha ukungu wa wanga unaotakiwa kuoshwa. Nisichokikubali hata kidogo ni mafuta ya taa au dizeli. Kwa dakika kumi utadhani umepata dawa, kisha yanashika vumbi na moshi, na usiku kila taa inageuka kuwa nyota yenye mikia.

Kuna jambo jingine kuhusu ile dawa. Nyingi kati ya dawa hizo zimetengenezwa kwa kioo halisi, na ndani yake mna spiriti. Umesema vioo vyako ni plastiki ngumu, na kwa boti za umri na aina hiyo mara nyingi huwa ni akriliki. Akriliki haipatani na spiriti, wala amonia iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo vya madirisha, wala petroli, wala asetoni inayotumika kuondoa rangi ya kucha. Haiharibiki papo hapo, ndiyo hila yake. Hufanya nyufa ndogo mno, kama nywele, zinazoanzia pembeni na kwenye matundu ya skrubu ambako plastiki imebanwa, na baada ya wiki kadhaa kioo kizima kinaonekana kama barafu iliyogongwa. Kitazame chako jioni jua likiwa chini, ukisimama kwa upande. Ukiona nyufa hizo, hakuna cha kuzirudisha. Polikaboneti, ile plastiki nyingine ambayo hata ukiigonga kwa nyundo haivunjiki, huvumilia kipigo lakini hukwaruzika upesi zaidi, na isipokuwa imepakwa kinga kiwandani huwa ya manjano kwa jua. Nalisema hili kwa aibu kidogo: kioo cha kwanza nilichokiharibu katika kazi hii nilikisafisha kwa petroli, tena kwa kujivunia, kwa sababu kilitoa alama zote za gundi kwa mpigo mmoja. Mwenye boti alirudi nacho baada ya mwezi, na nilikilipa.

Plastiki husafishwa kwa maji mengi kwanza ili mchanga na vumbi vitoke, kisha sabuni laini kwa mkono au kwa kitambaa laini cha pamba, kisha maji tena. Usitumie gazeti, ambalo kwenye kioo halisi ni zuri sana, wala dodoki, wala kitambaa kikavu juu ya vumbi, maana kila mpanguso wa namna hiyo ni sandpepa. Mikwaruzo midogo iliyokwisha kuwapo unaweza kuipunguza kwa dawa ya kung'arishia taa za mbele za magari, ukisugua kwa subira, nayo itaondoa pia mabaki ya ile dawa ya kufukuza maji.

Maelekezo mengi yanayosambaa kuhusu vioo vya boti yaliandikwa na watu wa baharini, na robo tatu yake ni habari za chumvi. Sisi Nyanza tuna maji baridi, hatuna chumvi, lakini tuna vitu vyetu ambavyo wao hawavijui. Cha kwanza ni moshi wa injini za viharusi viwili, ambazo huchoma petroli iliyochanganywa na oili. Sehemu ya oili hiyo hutoka bila kuungua, na kile kinyonyo cha hewa nilichokieleza huirudisha mpaka kwenye kioo chako, ndani na nje, ikawa utando mwembamba wa mafuta ambao mvua haiuoshi. Cha pili ni maji yenyewe. Wakati wa mwani mwingi, pale ziwa linapokuwa la kijani hasa kwenye ghuba, matone yanayorukia kioo na kukauka huacha alama za kijivu, na maji uliyochota ufukweni kuoshea yana mchanga. Beba dumu la lita tano la maji ya bomba kwa ajili ya kioo peke yake.

Cha tatu ni wale vijidudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi mweusi, ambao mgeni akiwaona kwa mbali hudhani kuna meli inaungua. Hawaumi, lakini ukipita katikati ya wingu lao kwa mwendo wa noti 15, kioo chote kinageuka ubao uliopakwa uji. Wanatoka kwa wingi hasa siku chache baada ya mwezi kuandama, na hapo ndipo jambo linapokuwa zito, kwa sababu hizo ndizo siku za giza ambazo wavuvi wa dagaa nao wapo majini na taa zao. Yaani kioo chako kinakuwa kichafu kuliko siku zote katika usiku uleule ambao mbele yako kuna mitumbwi mingi kuliko siku zote. Vijidudu hao wasifutwe wakiwa wakavu, na waipa isiguswe kabisa, itawapaka kama siagi. Lowesha kitambaa kwa maji ya sabuni, kibandike juu ya kioo kwa dakika mbili tatu, kisha uwateremshe kwa maji. Ukiwaona mbele na una nafasi ya kuzunguka, zunguka upande wa juu wa upepo.

Tuje kwenye waipa na kioo kipya. Waipa juu ya akriliki sikushauri. Plastiki ni laini kuliko chembe yoyote ya mchanga, na mpira wa waipa ukishanasa chembe moja utachora nusu duara litakalokaa mbele ya macho yako kila jua linapochomoza. Kwa hiyo, ukitaka waipa, itakubidi ubadili angalau kioo kimoja kati ya vitatu, kile kilicho mbele ya usukani, uweke kioo halisi. Hapo uwe mkali kwa fundi wa vioo. Usikubali kioo cha kawaida cha dirisha hata akikuapia ni kinene, maana wimbi moja likikivunja kinakuwa visu mbele ya uso wako. Inatakiwa iwe kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja na plastiki katikati, kama kile cha mbele cha gari, au kioo kilichoimarishwa kwa moto. Tofauti yao kikazi ni kwamba cha tabaka mbili fundi wa hapa anaweza kukikata kwa kipimo chako, ilhali kilichoimarishwa kwa moto hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kutoka kiwandani: ukijaribu, kinapasuka chote kuwa punje. Zingatia pia uzito. Mita moja ya mraba ya kioo chenye unene wa milimita 6 ina kilo 15, na akriliki ya unene huohuo ni kama nusu yake, hivyo fremu yako ya sasa huenda ikahitaji kuimarishwa, na sikushauri ubadili vyote vitatu na kuupandisha uzito huo wote juu bila sababu.

Waipa ya gari itafaa ilimradi kioo kiwe bapa na mkono wake usiwe mrefu kupita nusu ya upana wa kioo. Tundu la mhimili wake litobolewe kwenye fremu, si kwenye kioo, na lizibwe vizuri kwa silikoni, kwa kuwa maji yanayopenya hapo hudondokea moja kwa moja kwenye nyaya. Weka fyuzi yake peke yake. Jua letu huumaliza mpira haraka kuliko mvua inavyoumaliza, kwa hiyo boti ikiwa imeegeshwa vuta mkono wa waipa utoke kwenye kioo, au ufunike kwa kipande cha turubai, na ubadili mpira unapoanza kuacha mistari, usingoje upasuke. Huenda umeona kwenye baadhi ya meli kubwa kile kioo cha duara kinachozunguka kwa kasi katikati ya dirisha na kurusha maji pembeni. Ni ubunifu wa zamani, uliopewa hataza mwaka 1917, na ni mzuri ajabu, lakini kwa boti ya mita nane gharama yake haina maana.

Kuna kitu cha bei rahisi ambacho ningekifunga hata kabla ya waipa: ukingo. Kipande cha faiba au mbao kilichotokeza mbele juu ya kioo kwa sentimita 20 hivi huzuia mvua inayoanguka wima, na unapopunguza mwendo karibu na gati, ambako ndiko unakohitaji kuona zaidi, kioo kinabaki karibu kikavu. Ukija kutengeneza kibanda kingine siku zijazo, mwambie fundi akiinamishe kioo kuelekea mbele, juu yake kutangulie kuliko chini, kama kwenye boti nyingi za uvuvi wa baharini. Hakina sura ya mbio, lakini maji hudondoka badala ya kutambaa juu yake, na taa za ndani hazirudi machoni mwako.

Hizo taa za ndani zinastahili maneno mawili. Kioo safi kabisa hakikusaidii usiku ikiwa nyuma yako kuna abiria watano wanaotazama simu, kwa sababu kila simu inajionyesha kwenye kioo kama taa ya mtumbwi usiokuwapo. Funga pazia zito jeusi kati ya usukani na abiria, paka rangi nyeusi isiyong'aa ule ubao ulio chini ya kioo, na taa za vipimo zipunguze mpaka zionekane kwa shida. Karatasi nyeusi za kupunguza jua, zile wanazoita tinti, zisikaribie kioo cha mbele.

Mwisho, kuna mvua ambayo hakuna kioo kinachoishinda. Dhoruba za ziwa hili hupendelea usiku wa manane na alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unapokutana juu ya maji yenye joto na kupanda, na hiyo ndiyo saa ambayo nahodha wengi hupenda kuondoka wakiwahi soko. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa ajili ya ziwa usikilize jioni, kabla hujawakatia watu tiketi. Ikikukuta ukiwa njiani, piga hesabu rahisi: kwa noti 20 unakwenda mita 10 kwa kila sekunde, na ikiwa unaona mita 60 tu mbele, una sekunde sita za kuona, kuamua na kugeuza usukani. Punguza mpaka noti tano au sita, ufungue kioo au usimame uangalie juu yake, ukiwa umevaa miwani ya bodaboda ili matone yasikufumbe macho. Kiti chako kirekebishwe ili macho yako yapite ama wazi juu ya ukingo wa kioo au wazi chini yake. Ukingo wenyewe ukiwa usawa wa macho, boti nzima ya mbele hujificha nyuma yake.

Vivyo hivyo kwa ukungu wa kweli, ule unaolala juu ya maji kwenye ghuba asubuhi zilizotulia, hewa baridi ya nchi kavu inapoteremka juu ya maji yenye joto. Huo hauko juu ya kioo chako, na kusugua hakuusogezi. Mweke mtu mmoja omoni, yaani mbele kabisa ya boti, asiye na kazi nyingine yoyote, umpe filimbi. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini za mwaka 1972 zinataka chombo chenye injini kinachotembea katika ukungu kipige honi moja ndefu, ya sekunde nne hadi sita, angalau kila baada ya dakika mbili, na kikisimama kipige mbili. Boti zilizo chini ya mita 12 hazibanwi na mlio huohuo, ila zinatakiwa zitoe sauti yoyote inayosikika. Nawe kila baada ya dakika chache zima injini zote mbili kwa nusu dakika, usikilize. Mtumbwi wa dagaa hauna honi, lakini watu wake wanaongea, na sauti juu ya maji yaliyotulia hufika mbali.